Kidonge cha Jumapili

Ijumaa, 1 Machi

Daktari wa mifupa ameniambia niwe naandika kila ninapoumwa na nilikuwa nafanya nini, ili tukionana tena nisimjibu kwa kukisia. Basi naanza. Naumwa mgongo, katikati, chini kidogo ya mabega. Nikicheka naumwa. Nikipiga chafya naona nyota. Lakini si maumivu yaliyonikalisha hapa mezani.

Leo nilikaa kwenye benchi la kliniki, mwanamume peke yangu katikati ya akina bibi. Wengine walikuwa na fimbo. Mmoja amepinda mpaka akitaka kukuona anageuza shingo kwa pembeni. Aliyekaa ubavuni mwangu, bibi wa miwani minene, akaniuliza kwa upole nimemleta nani. Nikamjibu, "Mama."

Akanisifu. Akasema watoto wa kiume siku hizi hawana nafasi na mama zao, Mungu anibariki. Wenzake wakaitikia. Mama yangu alikufa zamani. Nikakaa pale napokea baraka kwa jina la marehemu, mpaka muuguzi akatoka mlangoni akaita jina langu lote, pamoja na umri. Sikuinuka. Akaita tena. Nikainuka nikapita mbele yao wote nikitazama sakafu. Yule bibi hakucheka. Alikunja miguu yake tu ili nipite. Afadhali angecheka.

Daktari aliitundika picha yangu kwenye taa. Pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea upande wa mbele, kama godoro lililokaliwa sehemu moja. Akauliza nilianguka wapi. Nikasema sikuanguka, nilinyanyua ncha ya kitanda. Akauliza natumia dawa gani. Nikamtajia vidonge vya pumu, vile vidogo vyeupe, ambavyo nimekuwa nikijinunulia duka la dawa tangu vumbi la mbao liliponikaba kifua, nikiwa bado kijana. Akavua miwani. Akasema vidonge vile vinafungua kifua kweli, ila mtu akivimeza miaka nenda miaka rudi bila msimamizi, vinakula mifupa kimya kimya.

"Wewe una miaka hamsini na miwili," akasema. "Mifupa yako ina themanini."

Nimepewa dawa ya kuihifadhi iliyobaki. Kidonge kimoja kwa wiki. Nikimeze asubuhi na mapema kabla ya kitu chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha nikae wima au nitembee nusu saa, nisilale, nisinywe chai, nisile. Nikilala, kidonge kinaweza kukwama kooni na kuunguza. Vidonge vya pumu nitapunguziwa polepole, nihamie dawa ya kuvuta. Na mzigo mzito nisiguse.

Mimi ni seremala. Mtaani naitwa Winchi, kwa sababu nikiwa kijana nilipandisha kabati la nguo ghorofa ya pili mgongoni, peke yangu. Lilikuwa kabati la shangazi wa mke wangu. Yeye mke wangu alikuwa amesimama dirishani anatazama. Ndivyo tulivyoanza.

Jumamosi, 2 Machi

Duka la dawa. Muuzaji alisoma karatasi ya daktari, akaniuliza, "Za mama?" Nikasema, "Za mama." Ndani ya pakiti mna karatasi ya maelezo na juu yake wamechora mwanamke aliyepinda mgongo. Nimeichana. Vidonge nimeviweka mfuko wa ndani wa koti langu kuukuu la mvua.

Jumapili, 3 Machi

Mwalimu wa shule anaweza kukaa nusu saa kitako na glasi ya maji asiulizwe. Mimi siwezi. Tangu tuoane, mke wangu huamka kabla yangu, anawasha jiko uani, anarudi na chai mbili, tunakunywa tumekaa kitandani kabla hatujasemeshana jambo la maana. Nikiikataa chai atauliza. Nikimjibu atajua. Akijua, mwanamume aliyemwona kutoka dirishani atakuwa amekwisha.

Basi alipotoka kwenda uani nilikichomoa, nikakimeza chini ya blanketi kwa funda moja la maji, nikajilaza. Alipoleta chai nikanywa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Manyunyu tu.

Jumapili, 10 Machi

Cha pili. Vilevile.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeingia sawasawa. Huu ndio msimu wetu wa heri, kwani milango ya mtaa mzima inavimba na kugoma kufunga, watu wanakuja karakana wamelowa wanataka randa ipite leo leo.

Nafanya kazi na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Nilimchukua akiwa hajui nyundo inashikwa upande gani, na sasa mkono wake kwenye msumeno umeuzidi wangu, ingawa hilo sijawahi kumwambia. Ni mtu wa mizaha. Leo aliniona nimejishika kiuno akaniuliza kama dada yake amenipiga. Nikacheka na mgongo ukanichoma. Nikamwambia nimeteguka kidogo. Akasema basi nimwachie vizito mpaka nipone. Nikamwuliza tangu lini mwanafunzi anampangia mwalimu kazi. Nilitaka iwe utani. Haikutoka kama utani, naye akarudi kwenye msumeno wake.

Jumapili, 17 Machi

Cha tatu. Baadaye kifua kikawaka moto, katikati, nyuma ya mfupa. Nikadhani ni kiungulia.

Ijumaa, 22 Machi

Natafuna vidonge vya kiungulia kama karanga.

Jumapili, 24 Machi

Leo nilikisikia kimekaa. Nilimeza mate mara nyingi, kikakataa kushuka. Mke wangu aliingia na chai akiwa anasimulia habari za binti yetu mkubwa, nami naitikia huku machozi yananilenga. Akauliza kuna nini. Nikasema chai ni ya moto.

Jumatano, 27 Machi

Sitaandika sehemu zinazonipendeza tu.

Tulikuwa na kabati la mwalimu mkuu, la mbao ngumu, lenye kioo mlangoni. Chumba chake kiko juu na ngazi ziko nje, za saruji, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Ningeweza kusema tusubiri. Ningeweza kukodi vijana wawili wa kubeba mizigo pale kituo cha basi. Shemeji alipendekeza yote mawili. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama chini na mwavuli wake, akasema, "Si ndiye Winchi huyu?" Nikasema ndiye.

Siku zote mimi hukaa chini, kwenye uzito. Leo nilitangulia juu. Shemeji akacheka, akasema leo nimempa heshima. Nikamwambia ni wakati wake wa kujifunza. Yaani nilijua. Nilijua kabisa ninachofanya, nikakipa jina la heshima.

Tulifika karibu na mwisho wa ngazi. Nilipoinama kulivuta, kitu kikanikata mgongoni, si kama maumivu, kama mtu amezima taa. Vidole vikafunguka vyenyewe. Kabati likashuka. Nilisikia kioo, kisha nikamsikia yeye.

Lilikuwa limeshuka naye mpaka chini na kumwangukia mguu. Alikuwa amekaa kwenye maji, uso umempauka, hata halii. Mwalimu mkuu akatupa mwavuli, akawa anauliza nini kimetokea, nani ameachia. Kutoka chini alikokuwa hakuona mikono yangu. Shemeji naye alikuwa amefunikwa na kabati, asingeweza kuona.

Nikasema neno moja. Nikasema, "Ameteleza."

Shemeji alinitazama. Kisha akatazama viatu vyake, kama anayevikagua.

Mifupa ya wayo imevunjika sehemu mbili. Wamemfunga plasta mpaka chini ya goti. Mwalimu mkuu amesema hataki kutuona tena nyumbani kwake.

Alhamisi, 28 Machi

Mke wangu alikwenda kumtazama mdogo wake, akarudi amekasirika. Alisema amemkaripia. Amemwambia, "Kazi ya mume wangu ni jina lake, na wewe unatembea kwenye ngazi zenye maji kama uko harusini." Nilikuwa namsikiliza nikikoroga chai niliyokwisha kuikoroga. Nilisema asimkaripie sana. Akaniambia mimi nina moyo mwepesi mno kwa ndugu zake.

Ijumaa, 29 Machi

Nilikwenda kumwona. Anakaa chumba na sebule na mkewe na mtoto anayetambaa. Mguu ulikuwa juu ya mto. Mkewe alinikaribisha kiti kizuri.

Alingoja mkewe atoke. Kisha akasema, "Shemeji, nisamehe. Nimelifikiria usiku kucha. Nadhani kweli mguu wangu ulilegea. Kioo kile nimekiharibu mimi, na jina lako nimelichafua."

Nikamwambia yamekwisha. Hayo ndiyo maneno niliyosema, "Yamekwisha." Nikamsamehe.

Mtoto alikuwa anashika magongo mapya yaliyoegemezwa ukutani, anajaribu kusimama nayo. Nilitoka mapema nikasingizia mvua.

Jumapili, 31 Machi

Nimemeza. Mvua mchana kutwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Mkate haupiti. Wali unapita nikiuteremsha kwa maji, na hata hivyo unashuka kama changarawe. Mke wangu anapakua, mimi nasukuma sahani. Jana alitia nyama, akaniwekea vipande vilaini. Nikasema nimeshiba. Akauliza nimeshibia wapi.

Karakana niko peke yangu. Nimerudisha kazi mbili za milango kwa sababu siwezi kuing'oa kwenye bawaba mwenyewe. Wateja nimewaambia shemeji anaumwa, kwa hiyo hilo nalo nimemtwisha yeye.

Jumapili, 7 Aprili

Cha sita. Nimetapika chai.

Jumanne, 9 Aprili

Mke wangu hasemi. Chai analeta, anaiweka, anatoka.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimejua kwa nini hasemi.

Kumbe wiki hii alilitoa koti langu la mvua msumarini alikaushe jikoni, maana lilikuwa linanuka ukungu. Akakuta vidonge. Alikwenda navyo duka la dawa, akauliza ni vya nini. Muuzaji yule yule, kijana wa watu, akamweleza vizuri sana kwamba hizi ni dawa za mifupa, wanaotumia ni akina mama waliokwisha koma hedhi, na kwamba mumewe huwa anamnunulia mama yake.

Jioni hii aliviweka mezani mbele yangu.

"Mama yako nilimkafini mimi kwa mikono hii," akasema. "Sasa niambie, ni mama wa nani huyu?"

Sikuelewa mara moja. Alipoendelea ndipo nikaelewa. Mimi sili chakula chake, kwa sababu nakula kwingine. Narudi nimechoka. Mwezi uliopita nilitoka asubuhi mbili mfululizo nikamwambia nakwenda kutazama mbao. Na kinachomuuma zaidi, akasema, si kwamba yupo. Kinachomuuma ni kwamba ni mtu mzima kumzidi hata yeye, tena ana mifupa mibovu, na mimi namnunulia dawa. Angekuwa msichana angeniita mpumbavu, akalala usingizi wake. Lakini huyu namtunza.

Ningeweza kulimaliza kwa sentensi moja. Vidonge ni vyangu. Maneno matatu. Niliyaweka kwenye ulimi. Halafu nikaona kwamba akishajua mgongo, atauliza ulianza lini. Na akishajua ulianza lini, atafika kwenye zile ngazi.

Nikanyamaza. Tena, niandike yote, kuna kitu ndani yangu kilichopumua. Heri kuitwa mzinzi. Mzinzi ana nguvu zake.

Alisubiri muda mrefu kuliko nilivyostahili. Kisha akachukua kanga zake mbili na mswaki akaenda kwa mdogo wake.

Jumapili, 14 Aprili

Leo hakukuwa na mtu wa kumficha. Maji yapo, glasi ipo, nusu saa ipo, nyumba nzima yangu. Nikakimeza nimelala, kwa funda moja, vilevile. Sijui ni mazoea au nilikuwa najiadhibu.

Ijumaa, 19 Aprili — wodini

Jumanne mchana nilikuwa nimeinamia beseni. Nilichotapika kilikuwa cheusi kama majimaji ya kahawa, kisha kikaja chekundu. Hata mate yalikuwa hayapiti.

Nikasikia magongo nje. Shemeji alikuwa amekuja kwenye mvua, na plasta yake ameivalisha mfuko wa plastiki, kuzungumza nami kama ndugu wa mke. Alikuwa amejiandaa, nilimwona usoni. Alikuja na maneno yake ameyapanga. Alipoliona beseni aliyaacha yote. Hakuniuliza chochote. Aliita teksi, akanivisha shati, akanipa bega la upande wa mguu mzima, tukaenda hivyo, vilema wawili, tukishikana tusianguke.

Hospitali walinipitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera kooni. Kisha daktari wa mifupa akaitwa, kwa kuwa kadi yangu ina jina lake. Akasimama miguuni pa kitanda na majibu mkononi. Shemeji alikuwa amekaa hapo hapo kwenye kiti. Daktari akauliza kama anaweza kuzungumza mbele ya ndugu yangu. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimechoka kusema hapana.

Akaeleza kwamba njia ya chakula ina vidonda, kimoja kirefu, mahali kidonge kilipokuwa kinakwama na kuyeyuka. Akaniuliza nilikuwa nakimeza vipi. Nikamwambia. Akauliza, "Umelala? Kila wiki? Na nilikueleza?" Nikasema alinieleza. Hakunifokea. Alisema dawa hii imewaokoa watu wengi wasivunjike nyonga, ila inataka heshima yake, na kwamba hata kinga ya mifupa huenda sikuipata, kwa sababu chai ilikuwa inaizuia isiingie mwilini. Nimejiunguza bure.

Kisha akatazama picha mpya ya mgongo. Pingili ya pili imebonyea.

"Hii haikuwepo Machi," akasema. "Nilikukataza mizigo tangu siku ya kwanza. Ulinyanyua nini?"

Nilisikia mvua juu ya mabati. Shemeji alikuwa anatazama plasta yake. Nilimwona akihesabu bila kusogeza midomo: Machi, mgongo, mimi juu, yeye chini.

"Kabati," nikamjibu daktari. Halafu nikamgeukia shemeji. "Niliachia mimi. Hukuteleza. Niliachia mimi, na niliona unavyotazama viatu vyako, nikanyamaza."

Daktari alitoka polepole.

Nilingoja shemeji anitukane. Angenitukana ningekuwa na kitu cha kushika. Mwishowe akauliza jambo moja tu. Akauliza, nilipokuja nyumbani kwake, akaniomba msamaha, nilikuwa najua? Nikasema nilikuwa najua. Akaitikia kwa kichwa. Akampigia simu dada yake, akamwambia vidonge ni vya mume wako mwenyewe, njoo. Akakaa mpaka alipofika. Kisha akachukua magongo yake akaenda, bila kuniaga, na sauti ya magongo ile niliisikia mpaka mwisho wa korido.

Jumapili, 21 Aprili

Mke wangu huja asubuhi na uji mwepesi uliopoa. Ananinywesha kwa kijiko na kunifuta kidevu. Juzi na jana hakusema.

Leo alisema. Alisema alikuwa anaona tangu mwaka jana kwamba nimepungua urefu. Suruali zangu zilikuwa zinaburura, akawa anazipandisha upindo mwenyewe bila kuniambia, asije akanitia unyonge. Nikashindwa kutazama uso wake. Kumbe na yeye alikuwa ananificha hali yangu mwenyewe.

"Mifupa yako ningeibeba," akasema. "Hata huyo bibi wa kukisia ningembeba. Lakini uliniacha nimkaripie mdogo wangu amelala na mguu juu. Nilimwita mzembe mbele ya mkewe. Hilo umenifanya nilifanye mimi, kwa mdomo wangu."

Akaosha kijiko, akaketi mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha. Hakuondoka kabla. Wala hakunishika mkono.

Alhamisi, 2 Mei

Nimerudi nyumbani. Dawa za kupunguza asidi, uji, supu. Mke wangu amerudi kulala nyumbani. Chai haji nayo kitandani. Iko mezani, nikiitaka niifuate.

Jumatatu, 6 Mei

Leo nilipanda zile ngazi za mwalimu mkuu, mikono mitupu, polepole. Nilimweleza kwamba aliyeachia ni mimi, nilikuwa mgonjwa na nilijua, na kijana hana kosa. Alinisikiliza mlangoni. Aliniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikasema niliona aibu. Akasema, "Aibu ya kuugua?" kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia naona aibu ya kunyeshewa. Hakunikaribisha ndani. Nilikuwa nimetarajia kujisikia mwepesi nikishuka. Sikujisikia hivyo. Nilishikilia tu ukuta.

Jumanne, 14 Mei

Kliniki. Daktari anataka kunibadilishia. Vidonge basi. Kuna dawa ya jamii hiyo hiyo inayopitishwa kwenye mshipa kwa dripu mara moja kwa mwaka, koo halihusiki. Lakini kwanza wapime figo na damu, na kwanza niende kwa daktari wa meno. Akaeleza kwamba dawa hizi, mara chache, zikimkuta mtu ameng'olewa jino karibuni, taya linaweza kukataa kupona. Kilichooza kitoke kabla. Na baadaye, miaka ikipita, nikisikia maumivu ya paja yasiyo na sababu, nisiyakalie kimya.

Alilitamka neno kimya bila kunikusudia. Mke wangu, aliyekuwa ameketi nami ndani, alikohoa.

Ijumaa, 17 Mei

Limetoka gego moja. Shavu kama embe.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikwenda kwa shemeji. Mkewe alisema amelala. Nilikuwa nimemsikia anacheka na mtoto nilipokuwa nje. Nikasema nitarudi.

Jumamosi, 25 Mei

Nilirudi. Safari hii alitoka, amefunguliwa plasta, mguu mwembamba, anachechemea. Tulisimama uani. Nilisema niliyokwenda kusema. Nilisema nilimwibia, si kioo wala kazi, nilimwibia ukweli wa mikono yake mwenyewe mpaka akaishuku, na seremala akishaishuku mikono yake hana kitu. Nilimwambia pia kwamba mkono wake kwenye msumeno umenipita miaka mingi.

Akasema hilo la msumeno analijua.

Kisha akasema bado ana hasira, na hasira yake haina haraka. Nikasema sawa. Akasema alikaa wiki nzima anajaribu kukumbuka mguu ulivyoteleza, na akaukumbuka kweli, akaona jinsi ulivyoteleza, kitu ambacho hakikutokea. Hilo ndilo linalomuudhi.

Hakunikaribisha chai. Sikuitarajia.

Jumanne, 4 Juni

Dripu. Vipimo ni vizuri na daktari wa meno amesema pengo la gego limepona. Ilichukua muda mfupi tu, muuguzi alinisisitizia maji. Safari hii benchini niliulizwa ninaumwa nini nikasema mifupa, basi.

Jumatano, 5 Juni

Homa. Kila kiungo kinauma, hata nywele. Waliniambia yatakuja na yatapita. Mke wangu ananikanda kwa kitambaa cha maji. Nikiwa katikati ya joto nilimwomba msamaha tena, nadhani mara nyingi, maana aliniambia ninyamaze, amenisikia. Baadaye aliniletea chai kitandani. Alisema ni kwa sababu ya homa, nisijizoeze.

Ijumaa, 7 Juni

Homa imeondoka. Mvua nayo imekonda.

Jumatatu, 17 Juni

Shemeji alifika karakana asubuhi, akavaa aproni yake, akaanza kunoa patasi kama aliyetoka jana. Nilimsalimu akaitikia. Hakuna mzaha. Kabla ya mchana alisema anarudi, ila kuanzia leo atakayepanga nani ashike nini ni yeye. Nikasema sawa.

Jumamosi, 22 Juni

Jua kali. Tulipeleka mbao za paa kwenye nyumba inayojengwa mwisho wa mtaa. Shemeji alikodi vijana wanne wa kituoni. Watu walikuwa nje, wanaanika magodoro, wanachokoa mifereji, na karibu wote wananijua tangu nilipokuwa nabeba peke yangu.

Kijana mmoja aliniona nimesimama, akanisogezea ncha ya boriti. "Mzee, shika hapa."

"Huyo msimpe kitu," shemeji akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kusema ubao huu umelowa. "Mgongo wake mbovu. Mifupa haina nguvu."

Mtaa ukasikia. Mwanamke mmoja aliacha kupiga godoro. Nilisikia uso wangu unawaka mpaka masikioni, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe kusema ni kuteguka tu. Nikaufunga.

Boriti ikapanda mabegani mwao, wakaondoka, shemeji mbele anachechemea. Niliokota mfuko wa misumari ili nisiwe bure. Aligeuka akauona.

"Na huo," akasema. "Mzito. Weka chini."

Nikauweka chini. Nikawafuata mikono mitupu, katikati ya barabara, na watu wakinitazama.